Degedege: Ubongo wa mtoto hauna ghala la akiba

Mazungumzo ya redio ya wiki hii, kama yalivyosomwa hewani



Maganzo ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Shinyanga kwenda Mwanza, jirani na mgodi wa Mwadui, mahali ambapo Dakta John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Wakazi wa pale hawahitaji kufundishwa thamani ya kitu kidogo. Wanajua kwamba jiwe lililo dogo kama punje ya mtama linaweza kumsomeshea mtu watoto, na kwamba asiye na jicho la kulitambua hulitupa pamoja na mchanga. Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo cha namna hiyo, ila hiki hakichimbwi ardhini. Ni tone moja la damu, litokalo kwenye kidole cha mtoto aliyepoteza fahamu.

Tone hilo likipimwa mapema laweza kueleza jambo ambalo macho ya mzazi, ya mganga, na hata ya daktari hayawezi kuliona: kwamba ubongo wa mtoto huyo umeishiwa chakula. Lisipopimwa, mtoto anaweza kupewa dawa nzuri kabisa ya malaria na bado akafa, au akapona akiwa si yule yule aliyekuwa.

Kwanza tukumbushane hali ilivyo. Usukuma ni nchi ya majaruba ya mpunga na malambo ya kunyweshea ng'ombe. Katika maeneo ya madini, kuanzia Maganzo hadi Geita, huongezeka mashimo yaliyochimbwa na kuachwa wazi. Mvua ikinyesha, yote hujaa maji, na mbu aenezaye malaria hupenda vidimbwi vya namna hiyo vinavyopigwa na jua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwapima watoto wa chini ya miaka mitano, ukakuta vimelea vya malaria kwa watoto 8 katika kila 100 Tanzania Bara. Mkoani Shinyanga walikuwa 16. Yaani mara mbili ya wastani wa taifa.

Wengi wa watoto hao hupata homa, wakatibiwa, wakapona. Lakini wapo wachache ambao homa hupanda usiku, mwili ukakakamaa, macho yakageuka juu, mikono na miguu ikatukutika, kisha wakalala usingizi usioamshika. Hali hiyo ndiyo tunayoiita degedege.

Jina hili, ndugu msikilizaji, lina historia ndefu, na historia hiyo imetuponza. Katika sehemu nyingi za nchi yetu degedege imedhaniwa kuwa kazi ya pepo au ya ndege mkubwa apitaye usiku juu ya nyumba. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo na kuandika matokeo yao mwaka 1996 walikuta wazazi wengi wanaamini kwamba ugonjwa huu si wa hospitali, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Kwa hiyo mtoto alipelekwa kwanza kufukizwa moshi au kupakwa dawa, na hospitali ikawa kimbilio la mwisho. Kwa kuwa aliyefika mwisho alifika akiwa taabani, akachomwa sindano na akafa, imani ile ilizidi kupata nguvu. Sindano ikabebeshwa lawama iliyokuwa ya kuchelewa. Wahenga walikwisha sema: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Nieleze pia, ili nisiwatishe wazazi bila sababu, kwamba si kila degedege ni malaria ya ubongo. Homa yoyote kali yaweza kumtukutisha mtoto mdogo kwa dakika chache, kisha akaamka, akalia, akamtafuta mama yake. Huyo naye apelekwe zahanati, lakini hatari yake si kubwa kama ya yule asiyeamka. Huyu asiyeamka ndiye ninayemzungumzia leo.

Je, ndani ya kichwa chake kunatokea nini?

Hebu tufikiri juu ya jiko la mkaa. Ili jiko liwake linahitaji vitu viwili, mkaa na hewa. Ukikosa mkaa moto unazimika. Ukiziba hewa moto unafifia na moshi unajaa nyumba. Ubongo nao ni jiko. Mkaa wake ni sukari iliyomo katika damu, ile wataalamu waiitayo glukosi, na hewa yake ni oksijeni tunayoivuta. Kazi hii ya mwili ya kuchoma chakula ili kupata nguvu ndiyo inayoitwa umetaboli.

Sasa jiko hili la kichwani lina tabia mbili za kushangaza. Ya kwanza, linakula sana. Ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili wake, lakini hutumia kama sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote. Kwa mtoto ni zaidi. Wanasayansi wa Marekani walikokotoa mwaka 2014 kwamba mtoto wa umri wa kama miaka mitano, akiwa amepumzika, ubongo wake hutumia karibu theluthi mbili ya nguvu zote za mwili. Umri huo na ule wa chini yake ndio hasa ambao malaria kali hutuulia watoto.

Tabia ya pili ni kwamba jiko hili halina stoo. Kuna nyumba zinazonunua mkaa kwa gunia, na kuna nyumba zinazonunua kwa kopo, za leo kwa leo. Misuli na ini hununua kwa gunia, huweka akiba. Ubongo hununua kwa kopo. Hutegemea damu iulete mkaa kila sekunde, usiku na mchana, tukiwa macho au tumelala. Damu ikikoma kabisa kufika kichwani, mtu hupoteza fahamu kwa muda wa sekunde kumi hivi, na baada ya dakika chache chembe za ubongo huanza kufa. Chembe hizo zikifa hazioti tena kama nywele au kucha.

Malaria kali huliharibu jiko hili kwa njia kadhaa kwa mpigo.

Njia ya kwanza ni kumaliza mkaa. Mtoto mwenye homa hali, au anatapika kila anachokula. Gunia dogo lililo katika ini lake linakwisha kabla ya siku kupita. Ini lenyewe, likiwa limeelemewa na ugonjwa, linashindwa kutengeneza sukari mpya. Na vimelea vya malaria vilivyo ndani ya damu navyo ni walaji, vinaila sukari hiyo hiyo.

Njia ya pili ni kuziba hewa. Chembe nyekundu za damu zenye vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo sana ya ubongo, zikaifanya njia kuwa nyembamba kama uchochoro uliojaa mikokoteni. Mtoto huyo mara nyingi amekwisha pungukiwa damu pia, kwa hiyo hata hewa inayopita ni haba. Sukari isipopata oksijeni ya kutosha huungua nusu nusu, na masazo yake ni asidi iitwayo laktiki. Huo ndio moshi wa jiko letu. Asidi hiyo ikijaa katika damu, mtoto huanza kuvuta pumzi nzito na za haraka, kana kwamba amekimbia, na wengi hudhani ni kifua.

Njia ya tatu ni degedege yenyewe. Wakati wa mtukutiko chembe za ubongo zinafanya kazi kwa fujo na kuchoma mkaa kuliko kawaida, wakati ambapo mkaa wenyewe haupo. Na mwisho wa yote ubongo wenyewe unavimba. Kwa kuwa fuvu ni mfupa usiotanuka, uvimbe huo unabana mishipa, na jiko linazidi kukosa hewa. Mwaka 2015 madaktari waliokuwa wakipiga picha za MRI za watoto wenye malaria ya ubongo huko Blantyre, Malawi, walitangaza kwamba kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya.

Nchi zilizoendelea zimetumia akili na fedha nyingi kutafuta namna ya kuchungulia jiko hili likiwa linawaka. Katika miaka ya 1940, Seymour Kety na Carl Schmidt wa Marekani walimvutisha mtu gesi isiyodhuru, wakalinganisha damu inayoingia kichwani na ile inayotoka kwa mshipa mkubwa wa shingoni. Walifanya kama mama anayepima unga ulioingia jikoni na ule uliobaki, akajua kilichopikwa. Mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, binadamu wa kwanza walidungwa sukari yenye mionzi hafifu ili mashine ionyeshe ni sehemu zipi za ubongo zinazoila kwa wingi. Baadaye, kwa ufundi ulioendelezwa na Urban Ungerstedt wa Sweden, madaktari waliweza kupitisha mrija mwembamba sana ndani ya ubongo wa mtu aliyeumia vibaya kichwani, na kila saa wakapima sukari iliyobaki na asidi iliyojaa. Vipimo vikianza kuharibika, wanajua ubongo uko mashakani hata kama mgonjwa amelala kimya.

Huenda msikilizaji wa Maganzo ananiuliza: vifaa hivyo vyote vinanihusu nini mimi? Swali hilo ni halali. Mrija wa namna hiyo hauwezi kuwekwa katika zahanati, wala hautawekwa kesho. Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, iko Mwanza, zaidi ya kilometa mia moja kutoka Maganzo. Lakini fundisho la vifaa hivyo ni moja tu, nalo halina gharama: mgonjwa aliyepoteza fahamu asiachwe alale. Ubongo wake upimwe, upimwe tena, na tena, kwa sababu hali yake inabadilika kwa saa na si kwa siku. Na vipo vipimo vya kufanya hivyo hapa hapa kwetu, vilivyojaribiwa katika hospitali za Afrika.

Kipimo cha kwanza ndicho lile tone la damu. Mwaka 1988 madaktari wa Blantyre walichapisha matokeo ya kuwapima sukari watoto 95 wenye malaria kali. Mtoto mmoja kati ya watano alifika hospitali sukari yake ikiwa chini ya milimoli 2.2 kwa lita, kiwango ambacho kinahesabiwa kuwa cha hatari. Katika hao wenye sukari ndogo, zaidi ya theluthi moja walifariki. Katika wale ambao sukari yao ilikuwa nzuri, walifariki 4 katika kila 100. Ugonjwa ni ule ule, hospitali ni ile ile, dawa ni ile ile.

Na ubaya wa sukari kushuka ni kwamba haina alama yake yenyewe kwa mtoto aliyekwisha zimia. Mtu mzima mwenye fahamu atatetemeka, atatoka jasho, atasema ana njaa. Mtoto aliyelala hasemi kitu. Kuzimia kwa malaria na kuzimia kwa kukosa sukari vinafanana kama mapacha. Ndiyo maana madaktari hawasemi kwamba hii ni malaria ya ubongo mpaka wahakikishe kwanza kwamba mtoto hakuzimia kwa njaa ya sukari. Wapo watoto ambao wakipewa glukosi ya mshipani hufumbua macho baada ya muda mfupi na kuuliza mama yuko wapi.

Kipimo cha pili hakihitaji hata tone la damu. Madaktari wa Blantyre, Malcolm Molyneux, Terrie Taylor na wenzao, walikitangaza mwaka 1989. Kipimo cha Glasgow, kilichokuwapo tangu mwaka 1974, kilimtaka mgonjwa ajibu maswali, na mtoto ambaye hajajua kusema atajibuje? Kwa hiyo wakatunga kipimo chenye alama tano tu. Macho: mtoto akimfuata mama yake kwa macho anapata alama moja, asipomfuata anapata sifuri. Mwili: akibonyezwa mfupa wa kifua kwa kiungo cha kidole na akapeleka mkono pale panapouma, anapata mbili. Kama hawezi hilo, lakini anavuta mkono kucha yake inapobinywa kwa penseli, anapata moja. Asipojitikisa, sifuri. Sauti: akilia kilio cha kawaida anapata mbili, akiguna au kulia kidhaifu moja, akinyamaza sifuri. Jumla ikiwa mbili au chini yake, mtoto yuko katika hatari kubwa.

Angalia urahisi wake. Muuguzi anaweza kukifanya kwa dakika moja, bila umeme, na kukirudia baada ya saa chache. Alama zikipanda, jiko linawaka. Zikishuka, kuna jambo limeharibika, na la kwanza kuliuliza ni hili: sukari yake sasa hivi ni ngapi?

Kutoka Malawi twende Kilifi, pwani ya Kenya, ambako kituo cha utafiti kilianzishwa mwaka 1989. Mwaka 1995 watafiti wa pale walichapisha habari za watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria. Walitaka kujua ni dalili zipi zinazomtambulisha mapema mtoto atakayefariki. Wakakuta kwamba zaidi ya wanane kati ya kila kumi waliofariki walikuwa na mojawapo ya dalili mbili, au zote: fahamu zilizopungua na kupumua kwa shida. Tukirudi kwenye mfano wetu, moto umefifia na moshi umejaa. Dalili zote mbili huonekana kwa macho, mlangoni, kabla hata ya kuandikisha jina.

Kilifi walifanya jambo jingine. Waliwawekea watoto waliozimia nyaya za kupima umeme wa ubongo, wakaona kwamba wengi wao waliendelea kupata degedege hata baada ya kulazwa, na kwamba wapo ambao degedege yao ilijificha. Mwili haukutikisika. Kilichoonekana ni jicho kuelekea upande mmoja, au pembe ya mdomo kucheza, au kidole kimoja kurukaruka. Mama aliyekaa kando ya kitanda ndiye mlinzi bora wa dalili kama hizo. Mama, ukiona kidole cha mwanao kinacheza chenyewe, usiseme anaota. Mwite muuguzi.

Dawa nazo zimebadilika, na hapa pia sukari imo. Kwa muda mrefu sindano ya malaria kali ilikuwa kwinini. Ni dawa iliyookoa maisha ya wengi, lakini mwaka 1983 ilithibitishwa kwamba inaweza kulifanya kongosho limwage insulini kwa wingi, na sukari ya damu ikashuka zaidi. Wajawazito ndio waliokuwa katika hatari kubwa. Kisha ukaja utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, wakiwamo wa Muheza na Korogwe hapa kwetu. Waliopewa kwinini walifariki karibu 11 katika kila 100. Waliopewa artesuneti walifariki kati ya 8 na 9, na sukari yao ilishuka mara chache zaidi. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limeagiza kwamba watoto nao watibiwe kwa artesuneti. Sindano ile iliyosingiziwa kuua ndiyo inayoponya.

Hata hivyo, kuona vimelea katika damu kusiwe mwisho wa uchunguzi. Mahali penye malaria nyingi mtoto anaweza kuwa na vimelea huku kinachomzimisha ni kingine, kama homa ya uti wa mgongo. Huko Malawi, mwaka 2004, ilitangazwa kwamba kati ya watoto 31 waliodhaniwa kufa kwa malaria ya ubongo, uchunguzi wa maiti ulikuta 7 walikufa kwa sababu nyingine. Kipimo kimoja hakitoshi kufunga jalada la mtu.

Pengine mtu atasema, mradi mtoto amepona, yamekwisha. La hasha. Watafiti waliowafuatilia watoto wa Mulago, mjini Kampala, waligundua kwamba miaka miwili baada ya malaria ya ubongo, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kufikiri, kukumbuka au kuwa makini. Huyo ndiye mtoto anayekaa dawati la nyuma, anayeambiwa ni mzito, anayechapwa kwa kusahau. Hakuna anayekumbuka usiku ule wa homa. Mwalimu anayenisikiliza, kabla hujamwita mtoto mjinga, muulize mzazi wake aliwahi kuumwa nini.

Kabla sijamaliza, neno moja kwa watu wazima, kwa maana jiko ni lile lile. Katika miji yetu ya machimbo si ajabu kumkuta mtu amelala kando ya njia asubuhi, nasi tukapita tukisema kalewa. Pombe kali ikinywewa tumbo likiwa tupu humzuia ini kutengeneza sukari, na mtu huyo anaweza kuwa anakufa. Anaweza pia kuwa mgonjwa wa kisukari aliyekunywa dawa akakosa chakula, wala pombe hakuigusa. Anaweza kuwa ameangukiwa na jiwe shimoni jana yake, au ametupwa na pikipiki. Asiyeamshika si mlevi mpaka apimwe.

Sasa tufanye nini? Nitasema machache ambayo kila nyumba inaweza kuyashika.

Mtoto akipata degedege, mlaze kwa ubavu ili mate na matapishi yatoke. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimnyweshe kitu chochote, iwe dawa ya miti shamba, iwe maji, akiwa hana fahamu, maana kitaingia mapafuni. Ondoka naye mara moja kwenda kwenye huduma. Tusingoje kupambazuke, tusingoje baba arudi toka machimboni.

Mtoto mwenye homa ambaye bado ana fahamu na anaweza kumeza, usimwache na njaa njiani. Anyonye. Kama ameacha kunyonya, mpe maji ya sukari: vijiko vinne vya chai, vilivyosawazishwa, katika maji safi ya kikombe cha mililita 200. Huo ni mkaa wa kopo wa kumfikisha. Na kwa yule aliyezimia, miongozo ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kwamba pale mshipa unapokosekana, mhudumu wa afya anaweza kuweka chini ya ulimi sukari iliyoloweshwa kwa maji kidogo, huku akiendelea kutafuta njia ya mshipa.

Ukifika kwenye huduma, uliza kwa adabu lakini uliza: je, mwanangu amepimwa sukari? Na baada ya saa chache, uliza tena.

Kwa waganga wa jadi nasema hivi. Ninyi ndio mnaoaminiwa, na mara nyingi ndio mnaofikiwa kwanza usiku. Mganga atakayesema, mtoto huyu haamki, mpelekeni hospitali sasa hivi, atakuwa ameokoa maisha, na heshima yake itakua. Hakuna uaguzi unaotia sukari katika damu.

Na kwa wakubwa wetu, kuanzia kamati ya afya ya kijiji hadi halmashauri, nauliza swali moja. Kipimo cha sukari kinaenea kiganjani. Lakini bila stripu zake ni sawa na bunduki isiyo na risasi. Katika zahanati iliyo karibu nawe, stripu zipo leo? Kama hujui, basi hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kikao kingine kuitishwa.

Watu wa Maganzo hukesha wakichekecha mchanga kutafuta kijiwe kidogo, na hawaoni uchovu kwa kuwa wanajua thamani yake. Tone la damu ya mtoto aliyezimia halitafutwi kwa chekeche wala kwa sururu. Liko pale pale kwenye kidole chake, linasubiri mtu wa kulipima.